Asembli kwenye Linux: programu inakufa ndani ya printf, nilivyotatua

Siku tatu nimehangaika, leo imekubali. Naandika ili mwenzangu asikeshe kama mimi.

Programu yangu ya asembli (lugha iliyo karibu kabisa na amri za prosesa, hapa x86-64) ilikuwa inaita printf, funksheni ya C ya kuchapa kwenye skrini. Ikichapa namba nzima, safi. Ikichapa yenye desimali: "Segmentation fault" (kosa la kumbukumbu, programu inakatishwa). Nilikagua anwani zote, nikabadilisha rejista, nikaandika upya sehemu nzima. Wapi!

Mwishowe nikaifungua kwa GDB (chombo cha kutafuta makosa), nikaiacha ianguke, kisha nikaandika x/i $rip kuona amri iliposimama. Amri iliyoiangusha ilikuwa movaps, na hiyo hukubali tu anwani ya kumbukumbu inayogawanyika kwa 16. Nikaandika p $rsp kuona rsp, rejista inayoshika anwani ya kilele cha stack, ambako movaps ilikuwa inaandika. Namba, kwa heksadesimali, ikaishia na 8. Hiyo 8 ya mwisho ndiyo iliyonifumbua macho, maana ilitakiwa iwe 0 (kwa heksadesimali, inayogawanyika kwa 16 huishia na 0).

Kabla ya call (amri ya kuita funksheni), rsp lazima igawanyike kwa 16. Lakini call iliyoingia main imeshasukuma baiti 8 za anwani ya kurudia, kwa hiyo unaanza ukiwa umepinda. Niliongeza sub rsp, 8 mwanzoni mwa main, na add rsp, 8 kabla ya ret (amri ya kurudi).

Desimali zikatoka zote.