Nilidhani rangi mpya inatosha

Mzee alipofariki alituachia ploti Lanet, hapa Nakuru, yenye vyumba vinne vilivyopangana kama mabehewa. Ndugu zangu wako mbali, usimamizi ukaniangukia mimi. Nikapaka rangi, nikabadilisha vioo viwili, nikabandika karatasi pale steji: nyumba ya kupangisha, 6,500. Ndani ya wiki mbili vyumba vyote vilikuwa na watu.

Vita vya kwanza vilikuwa vya stima. Mita ilikuwa moja, tena ndani ya chumba namba moja. Kila mtu alimpa kijana wa chumba hicho pesa sawa, yeye ananunua tokeni. Mwezi wa pili mama wa namba tatu akanipigia saa nne usiku: "Landilodi, njoo ujionee. Wenzangu wanapikia koili, mimi nina balbu moja na simu, na tunalipa sawa!" Asubuhi nilikuta ameandika kwenye daftari la mtoto kila siku tokeni zilipoisha. Kumbe kijana naye akiudhika huzima swichi kubwa, anafunga mlango na kwenda zake kazini. Wenzake wanashinda gizani.

Nilimwita fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia mambo ya stima, si yule wa kuunganisha waya kwa meno. Akaihamishia mita kubwa ukutani nje, kwenye sanduku lenye kufuli, kisha akaweka mita ndogo kwa kila chumba. Sasa tokeni nanunua mimi, na mwisho wa mwezi tunasoma mita ndogo pamoja na mpangaji mwenyewe, kila mtu anarudisha alichotumia. Kazi hiyo ingechukua siku moja nyumba zikiwa tupu. Ilichukua nne, kwa sababu huyu yuko kazini na funguo, yule ana mgonjwa amelala.

Maji ndiyo yaliyonitia aibu. Ya bomba huja kwa mgao, kwa hiyo tulikuwa tunavuta ya kisima kirefu cha jirani. Mimi nimekulia hapa, meno yangu yenyewe yana madoa ya kahawia, lakini sikuwahi kufikiria mpangaji anakunywa nini. Mwalimu mmoja mwenye mtoto wa miaka mitatu akaniuliza kama maji yamepimwa floridi, yale madini yanayotia meno madoa. Nikamjibu achemshe tu. Akanitazama kwa upole kama anavyowatazama wanafunzi wake, akanieleza kwamba kuchemsha huua viini, ila floridi haitoki. Maji yakipungua kwenye sufuria, ndiyo inazidi kukolea. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya upande wetu wa Bonde la Ufa vinapita hapo. Mtoto wa umri ule meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya ufizi. Nikafunga mifereji kwenye mabati na tangi la lita 5,000. Mvua ya kwanza tunaiacha ioshe paa, inayofuata ni ya kunywa na kupikia. Ya kisima ni ya kufulia.

Pesa za dipositi nilikuwa nimenunulia rangi, ukweli ndio huo. Kijana wa namba moja alipohama akadai zake, na nikalazimika kumkopa dada yangu. Tena nikataka kumkata kwa kitasa kilichovunjika, akaniuliza nina ushahidi gani kwamba alikikuta kizima. Sikuwa nao. Siku hizi dipositi zina akaunti yake, na kabla sijatoa funguo tunapiga picha sinki, vioo, vitasa na kuta, kila mmoja anabaki na nakala.

Ushuru nao haukusubiri. Vyumba vinne vinaleta 26,000 kwa mwezi, yaani 312,000 kwa mwaka, na KRA, mamlaka ya ushuru, huanza kutoza kuanzia 288,000. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5, kwangu 1,950, na lazima ilipwe kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Inakatwa kwenye kodi yote ya nyumba niliyopokea. Tangi na fundi wa stima havihesabiwi. Hilo bado linaniuma.

Juzi alikuja dada mmoja kuangalia namba moja. Hakuingia ndani kwanza. Alisimama uani akauliza, "Mita iko wapi?" Nikatoa ufunguo wa sanduku.