Kilo 20 za mguu wa kulia

Jana binti yangu aliikuta mizani ya zamani uvunguni, ile ya sindano, akauliza kwa nini siitupi. Nikamkumbuka kijana wa Kibosho, kule kwenye miteremko ya Kilimanjaro, niliyemfundisha kukanyaga tena.

Alivunjika muundi kwenye bodaboda, theluthi ya chini, akawekewa chuma ndani ya mfupa. Sehemu ile kwa mbele imefunikwa na ngozi tu, damu hufika kwa shida, kwa hiyo huunga polepole. Daktari wa mifupa aliandika aukanyagie mguu huo kwa kiasi, uzito wa kilo 20 tu.

Magongo tuliyarekebisha upesi: kichwa cha gongo vidole vitatu chini ya kwapa, kishikio usawa wa kifundo cha mkono, uzito wote viganjani. Anayening'inia kwa makwapa hubana mishipa ya fahamu, na mkono unaweza kulegea.

Nikaweka mizani sakafuni, kando yake ubao wa kimo kilekile ili nyonga zisipinde. Mguu mzima ubaoni, mguu mgonjwa kwenye mizani.

"Kanyaga taratibu."

Sindano haikusogea. Alikuwa amegusa kwa vidole, kisigino kiko hewani. Mgonjwa akizoea hivyo kwa wiki kadhaa, shavu la mguu hukakamaa likiwa limefupika, na kukishusha kisigino huwa kazi kubwa kuliko kuunga mfupa. Nikamwambia atangulize kisigino. Sindano ikaruka hadi 35, akashtuka, akajiinua. 8. Kisha 26. Mama yake, pale mlangoni, akawa anazitaja namba kwa sauti. Nikamwomba kijana afumbe macho, aitafute 20 kwa mguu wenyewe, ndipo atazame. Safari hii sindano ilitulia. Jasho likimtoka, akauliza, "Hivi tu, daktari?"

"Hivyohivyo, mdogo wangu."

Nikampa na ya nyumbani: khanga unyayoni, goti limenyooka, avute sekunde 30, mara tatu. Mguu ukivimba, alale auinue juu ya usawa wa moyo. Shavu la mguu likiuma na kuvimba ghafla, aje siku hiyohiyo, huenda damu imeganda.

Mfupa uliunga. Lakini mizani humpima aliyesimama. Akiteremka vijia vya Kibosho wakati wa masika, mguu hubeba zaidi ya ulivyofundishwa, na mfupa nao huhitaji mzigo ili ukomae. Bado najiuliza kama zilimsaidia zile kilo 20, au kule kuthubutu kushusha kisigino.