Nilivyojifunza matamshi ya Kikorea London kwa ulimi wa Mombasa

Kituo cha Utamaduni wa Korea cha London kiko karibu na Trafalgar Square, mlango wake Northumberland Avenue. Kilifunguliwa Januari 2008, na kinaendeshwa na serikali ya Korea Kusini kupitia Wizara ya Utamaduni, Michezo na Utalii. Maonyesho ya sanaa ni bure, nami ndiyo yaliyonipeleka. Nikaona wanafundisha lugha, nikajiandikisha darasa la jioni.

Kusoma hakukunisumbua. Hangul, maandishi aliyoyabuni Mfalme Sejong mwaka 1443, yana herufi za msingi 24 tu, tena umbo la herufi linakuonyesha kinywa kinafanya nini: ㄴ ni ulimi uliopanda kugusa ufizi, ㅁ ni mdomo wenyewe. Muda si muda nikawa nasoma vibao vya maduka ya Wakorea kule New Malden.

Kazi ilikuwa matamshi. Bul ni moto, pul ni majani, ppul ni pembe, na wengi darasani walisikia neno lile lile mara tatu. Mwalimu akachukua kipande cha karatasi nyembamba, akakishika mbele ya midomo. Akisema pul, karatasi inaruka. Akisema ppul, imetulia tuli.

Pale pale nikajua nimeshika njia. Sisi watu wa Mombasa paa la nyumba na paa wa porini tunawatofautisha kwa pumzi tu, kama tunavyotofautisha kaa la moto na kaa wa baharini. Maandishi ya shule hayaweki alama yoyote, lakini bibi zetu hawakosei hata siku moja. Basi daftari langu nikaligawa: maneno ya ppul upande wa paa la nyumba, ya pul upande wa paa wa porini. Mwalimu aliponiuliza nimejifunzia wapi pumzi ile, nilimjibu kwa fahari: kwetu.

Iliyobaki ni bul, ambayo Kiswahili changu hakina pa kuiweka. Nikajirekodi kwa simu, nikawa nasikiliza ndani ya basi nikirudi nyumbani. Dawa aliitoa mwalimu: Wakorea wa Seoul, hasa vijana, siku hizi husikiliza zaidi kupanda na kushuka kwa sauti kuliko pumzi. Tangu hapo pul nalipandisha, bul nalishusha, na mwalimu hanirudishi tena.