Siku moja maabara, Chake Chake

Saa moja na robo nashuka kwenye daladala, nawasha mashine, nahakiki usahihi wake, kazi inaanza. Mpaka saa tatu ni malaria, sukari, mkojo na wajawazito wanaodai sindano yangu inauma kuliko ya mwenzangu.

Watu husema sisi wa maabara tunatia damu kwenye mashine tu. Haya. Saa tatu na nusu mashine hiyo ikatoa FBP, yaani kipimo cha hesabu ya seli za damu, ya mzee mmoja: seli nyeupe 94,000 kwa maikrolita, na alama za tahadhari chungu nzima. Mtu mzima wa kawaida huwa kati ya 4,000 na 11,000 hivi. Ikifika hapo mashine hukuachia wewe na macho yako.

Nikatandaza tone kwenye kioo, nikapaka rangi ya Giemsa, nikainamia hadubini. Limfosaiti ndogo tupu, aina moja ya seli nyeupe, na katikati yake vivuli vya zilizopasuka, maana seli hizi ni dhaifu, huvunjika wakati wa kutandaza. Nikahesabu 100: limfosaiti 91. Ugonjwa wenyewe ulishathibitishwa Dar: lukemia sugu ya limfosaiti, saratani ya damu. Madaktari wakasema afuatiliwe kwanza bila dawa, jambo la kawaida kwa ugonjwa huu mwanzoni, ila mwanawe halijamwingia.

Akajaa dirishani. "Sheikh, seli nyeupe si ndiyo kinga? Mbona zimejaa na kifua hakimwachi? Juzi katokwa na mkanda wa jeshi! Mashine yenu mbovu."

Nikamwambia mashine nzima. Gunia limejaa, lakini ni makapi. Seli hizo zimezaana kutoka seli moja iliyoharibika, hazitengenezi kingamwili inavyopasa, na zile nzima zimesongwa. Hata seli T, aina nyingine ya seli za kinga, ambazo hukizuia kirusi cha tetekuwanga kilicholala mwilini kisiamke kuwa mkanda wa jeshi, nazo huwa zimechoka. Chanjo haimshiki vizuri kama mtu mwengine, na zile zenye virusi hai asichomwe. Akipata homa, hata ndogo, aje siku hiyohiyo.

"Basi si muyapepete hayo makapi?"

Foleni nzima ikacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu alirudia kuuliza, tena na tena, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, na nyuma yake mama mmoja ananyoosha kichupa cha mkojo juu ya bega lake. Damu za wodini zinasubiri, umeme ukakatika, mashine ikaanza upya. Tangu hapo saa sikuiangalia tena.

Baada ya adhuhuri daktari akaja mwenyewe kuangalia slaidi, akakaa nayo kimya, akaenda kuandika barua ya kumrudisha mzee Dar. Nikatoka kumpa majibu. Nikamkuta benchini, kabanwa kati ya vijana wawili wanaokohoa.

"Shikamoo babu. Njoo ukae huku barazani, huku kuna upepo."

"Marahaba. Niache mjukuu wangu, huyu ananipa habari za karafuu."

Nikampa barakoa. Akashukuru sana, akaikunja, akaitia mfukoni.