Nilivyochagua desktopu ya animesheni hapa Mwanza kwa kutembea na flashi yenye kazi yangu

Mi kazi zangu ni mbili, naediti video za harusi na sendofu halafu natengeneza animesheni fupi za watoto, zile hadithi za sungura na fisi tulizosimuliwa na bibi ila mazingira nimeyaleta huku kwetu, ziwa, mawe, mitumbwi ya dagaa. Miaka mitatu yote nilikuwa natumia laptopu isiyo na kadi ya grafiksi, kila kitu kinabebwa na prosesa, na kuna sini moja ya wavuvi usiku na taa zao zinamulika kwenye maji, fremu moja tu, yaani picha moja, kuirenda, kompyuta kuichora mpaka ikamilike, ilikuwa inachukua dakika 11. Mi naenda na fremu 24 kwa sekunde, kwahiyo sekunde 10 ni fremu 240, zidisha hapo, ni masaa 44. Masaa 44 kwa sekunde 10 za katuni jamani! Na wakati huo wote huwezi kuediti harusi ya mtu, na mwenye harusi anapiga simu.

Mwezi wa 12 kikoba tukavunja, nikakusanya na akiba nikawa na milioni 2 na laki 4. Nikaingia mjini.

Duka la kwanza kidogo nilipe. Mashine nzuri, kioo ubavuni, feni zinawaka rangi zote, kijana ananiambia "dada hii inapiga kila kitu". Nikauliza kadi ya grafiksi ina GB ngapi, akacheki, 4. Sikuwa na hakika kama 4 ni nyingi au ndogo kwa kazi yangu, na hapo ndo nikagundua kwamba nimekuja kununua kitu ambacho sijakipima. Nikarudi nyumbani Kirumba na hela yangu.

Usiku huo nikafungua ile sini kwenye Blender, programu ninayotengenezea animesheni, nikarenda fremu moja nikiwa naangalia. Pale juu ya picha inakuandikia memori inayotumika na kilele chake, yangu ilifika karibu GB 7. Maana yake ukitaka kurenda kwa GPU, yaani kwa kadi ya grafiksi badala ya prosesa, sini nzima inatakiwa iingie kwenye memori ya kadi yenyewe, sio ramu ya kompyuta, na isipotosha inagoma au inakokota kuliko hata prosesa. Ile mashine ya taa ingenikwamisha siku ya kwanza tu. Kama unafanya animesheni ya 3D naomba ukague hii namba kabla ya kukagua kitu kingine chochote, kabla ya prosesa i5 au i7, kabla ya jina la kampuni.

Nikafanya hivi. Blender ipo ya zipu ambayo haihitaji kuinstoliwa, unaifungua popote inafanya kazi. Nikaiweka kwenye flashi pamoja na faili la sini, picha zake zote nimezifungia humohumo ndani ya faili, nikaanza kuzunguka nayo. Duka moja walikataa katakata kuchomeka flashi ya mtu, nawaelewa, virusi. La pili waliniruhusu, mashine mpya kabisa, kadi GB 4, ikaanza, ikaleta ujumbe kwamba memori imeisha. Sekunde hazikufika 30 nikawa nimejua jibu, nikashukuru nikaondoka.

La tatu ni fundi wa kompyuta za mtumba huko ndani kwenye korido za Rwagasore. Alikuwa na HP Z440, ni workstesheni, kompyuta ya kazi nzito, boksi kubwa jeusi halina urembo wowote, prosesa ya Xeon ya zamani kidogo yenye kori 6, ramu 32, ilikuja na kadi ndogo ya ofisini. Ila pembeni alikuwa na kadi ya grafiksi ya RTX 3060 ya GB 12 ameitoa kwenye mashine nyingine. Nikamwomba, kaka hebu iweke hii kwenye hiyo. Akahangaika kidogo kwasababu waya za umeme za ile HP ni pini 6 mbili na kadi inataka pini 8, akatafuta adapta inayounganisha zote mbili, ikawaka. Nikachomeka flashi. Sekunde 50. Nikarudia tena mara ya pili nikidhani nimepunguza kitu, sekunde 50.

Mashine laki 9 na nusu, kadi laki 8, monita ya IPS ya mtumba laki 2 na ishirini, hadidiski ya 1TB elfu 60 kwa ajili ya video za harusi, adapta elfu 15. Laki 3 na nusu iliyobaki nikanunua UPS, ile betri inayoshikilia mashine umeme ukikatika, na hapo usitazame VA kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, tafuta wati, ndo zinazokwambia kama itabeba mashine yako. Mi nilitoka kwenye laptopu yenye betri, nilikuwa sijui uchungu wa desktopu umeme ukikatika.

Niliujua wiki ya kwanza. Nilikuwa narenda moja kwa moja kwenda faili la video, umeme ukakata usiku nimelala, UPS ikavumilia dakika zake ikaisha, asubuhi faili halifunguki na fremu zaidi ya 190 zimepotea. Tangu siku ile narenda picha mojamoja za PNG, na kwenye seting nimetoa alama ya kuandika juu ya faili la zamani, kwahiyo umeme ukirudi nafuta ile picha ya mwisho maana inaweza kuwa nusu, naanzisha tena, yenyewe inaruka zilizopo inaendelea na zilizobaki. Hata LUKU nimeipigia hesabu, mashine ikila wati 300 kwa masaa 10 ni yuniti 3.

Kwenye video sitawaficha, hapo hii mashine sio bora sana. Klipu za simu za H.265, yaani video zilizobanwa sana, wanazonitumia ndugu wa bibi harusi zinagandaganda kwenye taimulaini, inabidi nitengeneze proksi kwanza, nakala nyepesi za hizo klipu, nikale ndo niediti. Kama wewe ni video tupu bila 3D, ningekushauri Intel ya karibuni yenye grafiksi zake za ndani maana zinasaidia kufungua video za namna hiyo, na ukiona herufi F mwishoni mwa namba, mfano 12400F, ujue hizo grafiksi za ndani hazimo. Na vile visanduku vyembamba vya ofisini viacheni, mdogo wangu wa Nyegezi alikinunua kwasababu ya bei, kadi ya kawaida haiingii na pawa saplai yake haiwezi.

Ile sini ya wavuvi ilipokamilika nilimwonyesha mama, yeye amefanya biashara ya dagaa pale Mwaloni miaka mingi. Akaangalia kimya mpaka mwisho akaniambia mwanangu, mbona umeweka mwezi mzima angani, mwezi ukiwa mkubwa hivyo dagaa hawavuliwi, wavuvi wanalala. Halafu taa zako za njano ni za karabai, siku hizi wanatumia za sola, nyeupe. Zamani ningemwambia mama haiwezekani tena, masaa 44 yameshaenda. Nikaondoa mwezi, nikabadilisha taa zote, saa 3 usiku nikaanza kurenda, saa 6 na nusu nikamwamsha aje aone.