Ufunguo mwekundu wa ba'mdogo

Kwenye Volkswagen zile za mgongo wa duara, betri haikai mbele wala haikai nyuma kwenye injini. Imefichwa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, na juu yake hutakiwa kuwe na kifuniko, maana kiti chenyewe kina springi za chuma. Gari la ba'mdogo, 1300 ya mwaka 1970, lilipoteza kifuniko hicho kabla halijafika mikononi mwake. Juu ya hapo, betri aliyouziwa mjini Tanga ilikuwa ndefu kuliko inayostahili. Siku tuliyotoka msibani Pongwe, shangazi yetu mmoja, mwenye mwili wake, akakaa upande ule ule. Kila tukipita shimo, springi zinashuka. Mara tukasikia harufu kama ya makumbi yanayoungua.

Gari lile lina milango miwili tu. Wa nyuma hatoki mpaka wa mbele ashuke na kiti kikunjwe. Shangazi hakusubiri utaratibu huo. Alipita juu ya kiti na juu yangu, khanga ikabaki ndani. Nilipokinyanyua kiti, shoti ikakatika yenyewe, tukamalizia moshi kwa maji ya kunywa. Ba'mdogo muda wote alikuwa akiuliza kama rangi imeguswa.

Nikamwambia tufunge swichi ya kukata betri, kama zile za kwenye malori. Akakubali kwa sharti moja: gari lake halitobolewi.

Fundi umeme tuliyempata alikuwa mtu wa malori, mzuri wa kazi, ila kichwa kigumu. Alitaka swichi ikae kwenye waya wa chanya. Mimi nikang'ang'ania hasi. Upande wa chanya wa gari lile kuna waya mnene unaokwenda kwenye starta na mwingine mwembamba unaokwenda mbele kulisha taa na vinginevyo, tena huo mwembamba haupiti fyuzi yoyote mpaka ufike kwenye dashibodi. Ukiweka swichi huko, unaongeza vichwa vingine vya chuma vyenye umeme chini ya springi zile zile. Upande wa hasi kuna kamba moja tu bapa ya shaba iliyosukwa, imefungwa kwa bolti kwenye bodi. Ukiikata hiyo, hata springi ikigusa chanya na bodi kwa pamoja, umeme hauna njia ya kurudi.

"Na springi ikigusa vichwa vyote viwili?" fundi akauliza. Swali la haki. Hapo swichi haisaidii kitu, iwe chanya au hasi. Tukatafuta betri fupi, kisha tukakata kipande cha mpira mzito kikawa kifuniko. Nikikumbuka vizuri, mpira ule ulitupa kazi kuliko swichi.

Suala la kutoboa lilimalizwa na redio. Kulikuwa na tundu la zamani chini ya ukingo wa kiti cha nyuma, lililoachwa na spika ya mwenye gari wa kwanza. Fundi akakunja kipande cha chuma bapa, akakifunga hapo, swichi ikakaa mahali ambapo dereva anaifikia kwa kurudisha mkono nyuma. Lagi za shaba, vile vichwa vya kufungia ncha za waya, zilibanwa kwa mashine, si kwa nyundo. Hilo nililisimamia mwenyewe, kwani starta huvuta zaidi ya ampea 100, na kiungo kilicholegea hupata moto. Rangi kwenye bolti ya bodi ikakwanguliwa mpaka chuma kikang'aa, ikapakwa vaselini. Ba'mdogo alisimama kando akitazama kila chembe ya rangi inayodondoka.

Injini ilipowaka, fundi akanyoosha mkono azime swichi kuona kama gari litazimika. Nikamdaka. Dainamo inayozunguka bila betri inaweza kupandisha volti na kuunguza balbu, na injini huenda isizimike hata kidogo, kwa sababu dainamo inaendelea kulisha koili, ile inayotoa umeme wa cheche za plagi.

Hapo ba'mdogo akaingilia. Kumbe alikuwa ameshaagiza stika: pembetatu ya buluu yenye radi nyekundu, ile ya magari ya mashindano. Mtu asimguse kwa habari za Safari Rally; mwaka 1962 Volkswagen ilishinda, na kwake mambo yaliyofuata ya Peugeot hayana uzito. Nikamweleza kwamba stika ile humwambia mwokoaji kuna swichi hapo inayozima injini na umeme wote, yetu haifanyi hivyo. Akanuna. Baadaye niliikuta ameibandika ndani ya droo ya dashibodi.

Alichokipenda hasa ni ufunguo. Swichi zile zina ufunguo mwekundu wa plastiki unaochomoka, na ukishachomolewa, wale wapwa waliozoea kuchukua gari usiku bila ruhusa wanabaki kuliangalia. Akawa anatembea nao mfukoni mwa kanzu mpaka msikitini, hata Ijumaa ambayo mama mdogo alikuwa na harusi Chumbageni, amevaa na kujifukiza udi, gari limekufa uani.

Jumatatu mama mdogo akaenda duka la spea za malori. Ufunguo ule ni wa aina moja kwa swichi zote za namna hiyo. Akanunua wake kwa pesa ya soda, akautia kwenye pochi. Ba'mdogo hajaambiwa.