Shingo ya chupa ikibaki nyeupe

Tanga, Jumapili usiku

Kikundi cha wanafunzi kinachopima uchafuzi wa maji kinapaswa kuijua rangi moja kabla ya kujua namba yoyote. Hutokea shingoni mwa chupa, sekunde chache baada ya dawa mbili kuingia. Maji yenye oksijeni ya kutosha hutoa mashapo ya hudhurungi, mazito kama chai ya maziwa iliyokolea majani. Maji yasiyo na oksijeni hutoa mashapo meupe kama tui. Mwanafunzi akishaona chupa mbili za kijito kimoja, moja ya hudhurungi na nyingine nyeupe, hahitaji tena kuelezwa kwa nini mradi huu una maana.

Hapa Tanga mradi wa namna hii hauna haja ya kutafutiwa mahali. Mkonge umelimwa mkoani tangu 1893, miche ya kwanza ilipopandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kazi ya korona, kiwanda cha kuchambua mkonge, mpaka leo ni ile ile: jani linapondwa, linakwanguliwa, linasafishwa kwa maji mengi, inabaki singa, yaani nyuzi. Singa ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kilichobaki ni nyama ya jani na majimaji yenye sukari na uchachu. Yakiachiwa kijitoni, bakteria huyala, na wakila huku wakiongezeka hutumia oksijeni iliyomo majini. Utomvu wa mkonge unawasha, na unaweza kuwadhuru samaki wenyewe, lakini kinachoangusha kijito kizima kwa masafa marefu ni kukosa hewa. Tofauti hii ndiyo inayoamua kipimwe nini. Kikundi kinachotafuta “sumu” kitahangaika na karatasi za rangi wiki nzima. Kinachopima oksijeni kitapata jibu siku ya kwanza. Kambare wasimdanganye mtu hapa: kambare hupanda juu akavuta hewa ya kawaida. Perege hana njia hiyo.

Mabaki hayo si lazima yaishie mtoni. Hale, wilayani Korogwe, yameshatumika kuzalisha gesi ya kuendeshea umeme. Kwa hiyo wanafunzi wanaopima hawafanyi kazi ya kulaumu tu, na nadhani wanapaswa kuambiwa hivyo mapema.

Kinachoharibu miradi mingi ni saa ya kuchota. Kemia huja nyuma sana.

Mchana mwani na majani ya majini hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua. Usiku hawatengenezi, ila kila kiumbe kinaendelea kupumua. Kwa hiyo oksijeni ya kijito huwa chini kabisa alfajiri na juu kabisa alasiri. Kijito kilichojaa mbolea na uchafu, cha kijani, kinaweza kupimwa saa tisa alasiri kikaonekana kina hewa kuliko maji safi ya mlimani. Kikundi kikichota juu ya kiwanda saa mbili asubuhi, kikala, kikachota chini ya kiwanda saa nane mchana, kimepima jua. Vituo vyote vichotwe ndani ya saa moja, na saa bora ni kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijashika.

Vituo vitatu vinatosha: kimoja juu ya mahali uchafu unapoingia, kimoja mita 100 hivi chini yake ambapo maji yamekwisha changanyika, na kimoja mbali zaidi kuona kama kijito kinajiponya. Kile cha juu ndicho kinachoachwa mara nyingi, eti “pale maji ni masafi, tunajua.” Bila hicho hakuna mradi. Namba ya chini haisemi lolote mpaka iwe na mwenzake wa juu.

Kituo cha tatu kikiangukia kwenye mikoko, shughuli inakuwa nyingine, maana bahari inaingia. Maji yakiwa yamejaa unapima Bahari ya Hindi, si kijito. Pwani yetu, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, wakati wa bamvua, maji hujaa saa kumi hivi na kupwa saa nne hivi. Saa nne asubuhi haifai kwa oksijeni kwa sababu jua limeshapanda. Lakini maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ukirudi nyuma siku tano au sita kabla ya mwezi mpevu, kupwa kunaangukia alfajiri. Jedwali la maji la bandari litathibitisha, na wavuvi nao wanajua bila jedwali. Mwanafunzi anayesalimia vizuri atajibiwa vizuri:

“Shikamoo babu. Tunatafuta siku maji yanapwa alfajiri.”

“Marahaba mjukuu wangu. Njooni mwezi ukiwa na siku kumi. Mkija ukiwa na siku kumi na tano, alfajiri mtayakuta bado hayajatoka.”

Baada ya hapo kuna namna rahisi ya kuhakikisha kwamba bahari haimo kwenye chupa: chemsha mililita 100 za sampuli hadi zikauke kwenye bakuli lililopimwa uzito. Maji ya bahari huacha gramu 3.5 hivi za chumvi. Yakiacha gramu 1, karibu theluthi ya ulichochota ni bahari, na kipimo chako cha kituo cha tatu kielezwe hivyo hivyo.

Kuchota kwenyewe kunahitaji mikono mitulivu. Ndoo ikitupwa kutoka darajani huingiza hewa yake yenyewe. Maji yasiyo na oksijeni hufika juu yakiwa nayo. Kuingia mtoni peku nako hakufai, mkoa huu una kichocho. Kifaa kinaweza kutengenezwa kwa kopo la lita 2 lenye mfuniko unaobana. Chupa ya kioo ya mililita 250 yenye kizibo cha kioo, ile ya maabara, inakaa wima ndani ya kopo, mdomo wazi. Mfuniko unatobolewa matundu mawili. Kwenye tundu la kwanza unapita mpira wa dripu unaoshuka mpaka chini kabisa ya chupa. Tundu la pili lina mpira mwingine wa kutolea hewa, uliosimama sentimita 30 juu ya mfuniko. Pembeni mwa mipira pazibwe kwa gundi. Chini ya kopo fungia jiwe la kilo 4, maana kopo lenye hewa ya lita 2 haliwezi kuzama bila kitu kizito, na jiwe lenyewe hupoteza uzito likiwa majini. Kikizama, maji huingilia chini ya chupa, yanafurika, yanajaza kopo. Chupa inajisuuza mara tano au zaidi, na maji yanayobaki ndani hayajagusana na hewa. Mapovu yakikoma, vuta. Kizibo kitiwe kwa mshazari ili kisifungie povu hata dogo.

Lebo iandikwe kwa penseli kwenye utepe wa karatasi, ibandikwe kwenye mwili wa chupa. Ikibandikwa kwenye kizibo, vizibo vikibadilishana mezani kazi ya asubuhi yote imekwenda.

Dawa mbili za kwanza ziwekwe pale pale mtoni. Chupa ikisafiri saa mbili kwenye daladala bila dawa, bakteria huendelea kula njiani, na namba itakayopatikana itakuwa ya safari. Mililita 1 ya manganizi salfeti, kisha mililita 1 ya mchanganyiko wa potasiamu iodaidi na alkali kali. Ncha ya pipeti izame chini ya uso wa maji. Maji kidogo yatafurika, si hasara. Kizibo, halafu pindua chupa juu chini mara 15. Hapa ndipo rangi inapotokea. Mashapo yakishuka hadi nusu ya chupa, pindua tena, yaache yashuke tena. Sasa chupa inaweza kusafiri, gizani.

Asidi ya salfuriki ni kazi ya mwalimu, mwenye miwani na glavu. Mililita 1 ikiingia, mashapo yanayeyuka na maji yanakuwa ya dhahabu: kadiri oksijeni ilivyokuwa nyingi ndivyo iodini inavyokuwa nyingi. Chukua mililita 200, dondoshea sodiamu thayosalfeti ya gramu 6.2 kwa lita, inayoiondoa iodini, kutoka kwenye bureti, mrija wenye alama za mililita. Kwa ujazo huo hesabu ni nyepesi, kila mililita 1 ya bureti ni miligramu 1 ya oksijeni kwa lita. Endelea mpaka rangi ififie kama majani makavu, ndipo utie wanga. Wanga wa muhogo unafaa kabisa, gramu 2 kwenye mililita 100 za maji moto, wa siku hiyo hiyo. Maji yanageuka buluu, tone la mwisho linayaacha bila rangi. Ukitia wanga mapema, unaikumbatia iodini na hauiachii kwa wakati, utapita mwisho bila kujua. Na buluu ikirudi baada ya dakika chache usiifuate.

Thayosalfeti huchakaa. Ile iliyokaa kabatini tangu muhula uliopita imepoteza nguvu, bureti itamwaga nyingi zaidi, na mto mchafu utaonekana mzima. Tia gramu 0.4 za sodiamu haidroksaidi kwa lita ili idumu, kisha kila asubuhi ijaribu: jaza nusu chupa ya plastiki kwa maji ya betri, tikisa dakika moja, acha yatulie, pima. Kwenye nyuzi 28 hapa usawa wa bahari jibu ni karibu 7.8. Likija 10, tatizo ni dawa. Maji ya bomba yasitumike kwa jaribio hili, klorini nayo huitoa iodini. Na dukani useme vizuri, kwa sababu “maji ya betri” ni aina mbili. Moja ni ya kuongezea, safi. Nyingine ni asidi, na inaunguza.

Katika maji yenye joto letu, chini ya miligramu 3 kwa lita samaki wengi wako taabani. Lakini mdomoni mwa mfereji wa korona kipimo hiki hakiaminiki sana: maji ni ya kijani, yana vitu vinavyoimeza iodini, na jibu hushuka kuliko ukweli. Ndiyo maana kituo cha pili kiwe chini zaidi, maji yakishachanganyika.

Kitu kingine kinachosahaulika ni wingi wa maji yenyewe. Masika uchafu ule ule huingia kwenye kijito kilichojaa na namba zinapendeza, kiangazi zinatisha. Kiwanda kinaweza kuwa hakijabadili chochote. Pima mwendo kwa chungwa, na Muheza kwenye machungwa haiko mbali: chungwa huzama karibu lote, upepo haulisukumi kama kipande cha mti. Likienda mita 10 kwa sekunde 25, mwendo ni mita 0.4 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85, kwa kuwa maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu. Kijito cha upana wa mita 4 na kina cha wastani cha nusu mita kinapitisha lita 680 kwa sekunde. Namba hiyo ikae kando ya kila kipimo cha oksijeni, kila safari. Bila hiyo, vipimo vya Mei na vya Septemba visilinganishwe.

Nalitaka sana jambo moja liheshimiwe katika kuandika. Chini ya vijito hivi kuna watu wanaofua, wanaooga, wanaonywesha ng’ombe; juu yake kuna watu wanaokula kwa korona. Chupa moja ya asubuhi moja isitumike kumtaja yeyote. Chupa tatu kwa kila kituo, asubuhi nne au tano tofauti, zikiwemo siku kiwanda kimesimama. Siku ya mapumziko ndiyo yenye thamani kuliko zote: oksijeni ya kituo cha pili ikipanda korona ikinyamaza na kushuka ikinguruma, hapo kuna la kupeleka kwa mtendaji wa kijiji, na mwenye shamba mwenyewe atakaa asikilize.

Kwenye maabara ya kikundi ninachokifikiria usiku huu kuna chupa sita zaidi, za kupima njaa ya maji, yaani oksijeni ambayo bakteria wataitumia wakila uchafu uliomo. Utaratibu wa kawaida ni siku 5 kwenye nyuzi 20, na shule haina kabati la ubaridi la namna hiyo. India hutumia siku 3 kwenye nyuzi 27, na chumba chetu kiko karibu na hapo. Maji ya mfereji yamechanganywa sehemu 1 kwa sehemu 99 za maji yaliyotikiswa yakashiba hewa, pamoja na matone ya maji ya mto ili bakteria wawemo. Yasipozimuliwa hivyo, oksijeni huisha siku ya kwanza na sufuri ya mwisho haisemi imeisha lini. Tatu zilipimwa jana, tatu zimefungwa ndani ya boksi, boksi limefunikwa kitambaa cheusi, chini ya meza mbali na dirisha, ndani ya beseni la maji ili joto la mchana lisizirushe. Zitafunguliwa Jumanne, saa ile ile zilipofungwa.